Kwa Nini Naitwa Chura

Hapa Utah wananiita Chura. Kibali cha kushuka korongo tulikipata kwa bahati nasibu, baada ya kukosa mara kibao. Kabla ya kufunga kamba za kushukia, haja kubwa ikanibana. Nikaruka mawe mpaka nyuma ya mwamba na mfuko wangu wa kubebea kinyesi, maana jangwani kila mtu huondoka na mzigo wake.

Nilipomaliza nikataka kupita njia ya mkato, juu ya udongo mweusi.

"We kijana, simama!" Alikuwa mama LaDawn, askari wa hifadhi. "Huo udongo mweusi uko hai, una vijimea vinavyoushika mchanga. Ukiukanyaga tu, kibali nachukua!"

"Ruka, chura wangu!" rafiki yangu Thayne akapiga kelele.

Nikaruka jiwe kwa jiwe, mfuko mkononi, suruali ikiniteleza mpaka magotini. Kibali kikapona, heshima ikafia palepale.

Wewe je, aibu yako ya porini ni ipi? Tupia hapo chini, nisichekwe peke yangu.