Mkubwa Ndiye Anayeanza

Kwetu Kihanga maji ya kunawa huanzia kwa mkubwa. Kahawa ya kutafuna vivyo hivyo, na hata kwenye kikao watu wanakaa kimya mpaka mkubwa afungue kinywa. Mimi ni kifungua mimba, mjane, nina wajukuu, na sikumbuki lini nilinawa maji yaliyokwisha kuguswa na mtu mwingine. Kwa hiyo shemeji alipotuletea mchezo wa poka, hakuna aliyeuliza nani aanze.

Shemeji huyu ndiye aliyemuoa mdogo wetu wa mwisho. Anafuga ng'ombe Kaisho, na poka alifundishwa na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Jumapili tukishatoka kanisani alikuwa anakuja na pikipiki yake, ananiamkia shikamoo huku ameinama kabisa, halafu tunakaa sebuleni watatu: mimi, yeye, na mdogo wangu wa kiume ambaye kibanja chake kimepakana na changu. Tulichezea maharage. Nani atatushtaki kanisani kwa maharage?

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu anapewa karata mbili, anazificha. Kisha zinawekwa karata katikati ya meza, wazi, za wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila zikiwekwa, watu wanasema: unapita, unaweka maharage, unaongeza juu ya mwenzako, au unatupa karata zako. Na hakuna kikomo. Ukitaka unasukuma yote uliyonayo kwa mpigo mmoja. Mimi nilikuwa nasema wa kwanza, kila mzunguko, kila Jumapili, na kila Jumapili nilikuwa narudisha bakuli jikoni likiwa tupu. Nikajiambia basi, uzee huu, na macho yenyewe haya.

Jumapili ninayoisimulia, binti yangu alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na kichanga chake. Alikuja kujifungulia kwangu kutoka Kituntu, na maziwa yalikuwa yanamtoka kwa shida. Siku aliyojifungua nilimwahidi mtamba wangu, yule mwekundu mwenye mimba, ng'ombe pekee niliyebaki naye. Akizaa tu, nilimwambia, unamswaga mpaka kwako, unywe maziwa mwenyewe, na mtoto akiacha ziwa amkute ng'ombe nyumbani. Mwanangu alilia kwa furaha. Nilimwona kwa macho yangu.

Basi nikapewa karata zangu: ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, na saba ya kopa. Zikawekwa tatu katikati, na humo kopa mbili! Moyo ukaruka. Ikija kopa moja tu ninazo tano, na kopa tano zinapiga karibu kila kitu. Lakini haijaja, na wa kusema ni mimi. Nikipita, watajua sina kitu. Nikiweka, naweka kwa kitu ambacho bado sina. Nikaweka konzi moja. Mdogo wangu akatupa karata zake, akaenda zake kuchungulia kahawa aliyonianikia uani isije ikalowa. Shemeji akaweka konzi kama yangu.

Karata ya nne ikawa shupaza. Wa kusema? Mimi tena. Nikajitia ujasiri, nikasukuma nusu ya maharage yaliyobaki, uso nimeukaza ili adhani kopa zangu zimeshatimia. Shemeji akaniangalia. Akaangalia mikono yangu, akaangalia bakuli langu, akatafuna kahawa yake taratibu. Kisha akasukuma yake yote, kichuguu kizima.

"Shemeji," akasema kwa upole, "hii tupa tu. Usijisumbue."

Eti tupa tu! Mimi! Ule upole wake ndio ulionipandisha. Angenitukana ningecheka.

"Maharage hayatoshi," nikasema. "Naweka mtamba."

Mdogo wangu alikuwa ameshika mlango anarudi. "Dada, wee! Umepatwa na nini?"

"Shemeji, huo ni utani," shemeji akasema.

"Nina sura ya utani?"

Akasema basi, naye anaweka ng'ombe wake wa maziwa kule Kaisho, maana hawezi kuchukua kitu cha mkubwa bila kuweka kinacholingana. Mdogo wangu akafunua karata ya mwisho. Shupaza. Shemeji akalaza nane zake mbili mezani, na nane ya tatu ilikuwa pale katikati tangu mwanzo, inanitazama.

Nane tatu, na kopa zangu zimebaki nne: mtamba alikuwa ameshakwenda.

Shemeji naye hakufurahi, alikuwa anahangaika kunifariji. "Pole, shemeji. Usijilaumu. Ni kwa sababu unaanza kila mara. Anayeanza poka anacheza gizani, sisi wa nyuma tunakuwa tumeshamwona. Kule mpakani tunazungusha, kila mtu anaanza kwa zamu yake."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mnazungusha?"

"Ndiyo."

"Na hapa kwangu je?"

Alishangaa kweli kweli, macho yamemtoka. "Hapa? Shemeji, mimi nikutangulie wewe kusema?"

Jamani! Tangu wakati wa maua ya kahawa mpaka tunaianika, mtu ananipiga kwa heshima yangu mwenyewe, na ananiinamia! Damu ilinichemka, nikapiga meza, maharage yakaruka mpaka sakafuni.

"Gawa tena," nikamwambia mdogo wangu. "Mtamba yule yule, ng'ombe yule yule. Na safari hii anaanza yeye."

Mdogo wangu akagawa. Mimi nikapata takataka: tatu ya maua na tisa ya uru. Wala sikujali. Nilikaa nikamtazama shemeji, na kwa mara ya kwanza niliona mambo. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Niliona koo likipanda na kushuka. Nikashtuka: kumbe ndivyo walivyokuwa wananiona mimi, kila Jumapili, kama mtu aliye uchi.

"Sema," nikamwambia.

"Shemeji, nitasemaje mbele yako?"

"Kama ulivyokuwa unasema nyuma yangu!"

Akamwangalia mdogo wangu, ambaye aliinamisha kichwa. Mwisho akazilaza karata zake mbili mezani, wazi, akazisukuma mbali naye. "Nimetupa," akasema. "Mtamba ni wako."

Mdogo wangu akapiga yowe. "Yesu wangu! Ree mbili!"

Ree mbili. Kwa karata mbili za mkononi, hakuna mkono mkubwa kuliko huo kabla karata za katikati hazijawekwa. Madereva wote wa mpakani wangeweka malori yao juu yake. Yeye aliutupa, akasimama, akachukua kofia yake, na aliponiaga aliinama vile vile kama siku zote. Muda wote ule nilikuwa nimeshamwita mwizi moyoni. Nilibaki nimezishika takataka zangu.

Pikipiki ilikuwa haijafika barabarani pazia liliposogea. Binti yangu alikuwa amesimama hapo na mtoto kifuani, na uso wake ulinieleza kwamba hakuanza kusikiliza sasa hivi. Alikuwa ametusikia wote watatu, neno kwa neno, mpaka wa mwisho aliponyamaza. Mdogo wangu akainuka amsogezee kiti, akakataa.

Nilingoja aniulize. Nilitaka aseme chochote, apige kelele, ili nijue pa kushika.

"Haya, mama," akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Anza wewe."