Sanda Iliyovuka Reli: Maisha ya Wakili Sulemanji Rangwala

Tunaanza kwa jina la Mola aliyeumba kalamu kabla ya mwenye kuandika, na tunamsalia Mtume aliyetumwa kuwa rehema, pamoja na jamaa na masahaba zake. Baada ya hayo, msomaji, wajue kwanza watu wa habari hii, kila mmoja mahali pake. Wa kwanza ni mwenye maisha yenyewe, Wakili Sulemanji Rangwala, Mhindi wa Gujarati, Mungu amrehemu. Wa pili ni mkewe, Bi Amida, binti wa seremala wa ukoo wa Kasongo, Maniema. Wa tatu ni Yassine, mwadhini wa msikiti wa mtaa wa Albert, ambao leo waitwa Kamalondo. Wa nne ni Kabwe, fundi wa reli, Mkristo mwenye asili ya Kasai, jimbo jingine. Wa tano ni Mawazo, aliyekuwa mja mzito katika siku zile za moto. Habari zimepokewa kwa vinywa vyao, na palipo na hitilafu, hitilafu imetajwa.

Wakili alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Bharuch, baba yake akiwa mtia rangi nguo. Inasimuliwa kwamba mikono ya mzee huyo ilikuwa ya buluu hata siku ya Idi, na kwamba ndiyo sababu mwana hakupenda kuvaa ila nyeupe. Bi Amida alikana hilo. Alisema mumewe alivaa nyeupe kwa kuwa hakujua kuchagua rangi. Wakili alisoma sheria Bombay, akavuka bahari hadi Dar es Salaam, akapanda reli mpaka Kigoma, na mwaka 1938 akafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Mahakama ya Wazungu haikuitambua shahada yake. Basi akaweka meza kwenye baraza ya fundi cherehani, akawa anawaandikia malalamiko wachimba shaba na wafanyakazi wa reli. Kila mkubwa aliyesema ndiyo sheria, alijibiwa kwa upole, “Imeandikwa wapi?” Watoto wa mtaa, ambao kwao wapi ni fasi gani, wakamwita Papa Iliandikwa Fasi Gani, naye akaitika.

Mwaka 1954 alihiji. Alirudi na sanda yake mwenyewe, vipande vitatu vya pamba nyeupe visivyoshonwa, alivyovichovya katika maji ya Zamzam kama wafanyavyo mahujaji wengi. Wengine huifungia nguo hiyo kabatini. Yeye aliiweka ndani ya mkoba wa ngozi, chini ya karatasi za wateja, akatembea nayo kila aendako. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba kesi zote hutolewa tarehe ila ile ya mwisho.

Upepo wa uhuru ulipovuma, wateja wake walimsukuma katika siasa. Akaunda chama kidogo, Haki Sawa, na mwaka 1960 akapata kiti katika baraza la mji. Hakukikalia muda mrefu. Nchi ilipogawanyika na jimbo letu likajitenga, wakubwa wapya walimletea orodha ya wakazi waliotakiwa kuondolewa mjini kwa sababu ya asili zao, aitie sahihi. Jina la kwanza lilikuwa la Kabwe, jirani yake wa miaka kumi na miwili. Wakili alisoma orodha nzima, akafunga kalamu, akasema, “Nimeitafuta sheria inayomgeuza jirani kuwa mgeni. Imeandikwa wapi?” Siku hiyo hiyo akavuliwa kiti, na marafiki wengi wakasahau njia ya kwake.

Mtihani mkubwa ulimfika Desemba 1961, mapigano yalipoingia mitaani. Watu arobaini na mmoja, Waislamu na Wakristo, walikimbilia uwanja wa msikiti, wakanaswa kati ya majeshi mawili. Siku ya tatu pipa la maji lilikauka, na Mawazo akashikwa na uchungu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika kumi, lakini hakuna aliyetoka akafika. Yassine aliipandisha kanzu yake ya Idi juu ya ukuta iwe bendera ya amani. Mikono ya kanzu ikapeperuka, askari wakadhani ni mtu anayewatishia, wakaitoboa mara nne. Yassine aliishusha akaitazama kwa muda mrefu. Vitenge vya akina mama vilikuwa vya rangi, na mikeka pia. Ndipo Wakili akafungua mkoba.

Bi Amida alimshika mkono. Wazee wa kwao waliamini kwamba sanda ikikunjuliwa haikunjwi tena bila mtu ndani. Akasema, “Bwana, hii iko nguo ya kaburi yako. Ukiitosha mu mkoba leo, kesho tutakuzika na nini?” Yassine naye aliongeza kwamba nguo iliyogusa Zamzam haipeperushwi barabarani. Wakili akamwuliza imeandikwa wapi. Yassine alifikiri, maana alikuwa mkweli, akajibu kwamba haijaandikwa, ila haijafanywa. “Basi leo itafanywa,” akasema Wakili.

Alitaka kutangulia peke yake. Kabwe akakataa. “Papa Wakili, muntu mumoja na kitambaa, batasema anakimbia. Bantu babili na kitambaa katikati, batasema banabeba maiti. Na maiti, hata askari anaiachia njia.” Wakili akauliza maiti yenyewe iko wapi. Kabwe akasema, “Weye uko mwanasiasa. Umezoea kubeba kile hakiko.” Inasimuliwa kwamba Wakili alicheka, na kwamba wale waliokuwa wamelala chini kwa hofu walisimama kwa sababu ya kicheko hicho.

Walitoka wakiwa wameshika kipande cha kwanza ncha kwa ncha, na wengine nyuma yao, Mawazo akishikiliwa na akina mama, Waislamu wakileta tahlili, Wakristo wakiimba wimbo wa mazishi. Upande mmoja askari walivua kofia za chuma. Upande wa pili waliinamisha bunduki. Risasi moja tu ililia, haijulikani ya nani. Ilipita katikati ya nguo bila kumgusa mtu. Wakafika wote. Jioni hiyo Mawazo alijifungua binti kwenye ujia wa hospitali, wala hapakuwa na nguo ya kumfunika. Wakili alitoa kipande cha pili cha sanda, na mtoto akaitwa Chadia.

Baadaye aliwafuata kambini wakimbizi wa mapigano hayo, akawaandikia barua za kutafuta jamaa zao. Kipande cha tatu alikichana kuwa bandeji, kisha nusu ya kile cha kwanza. Tarehe 7 Machi 1962 alifariki kwa kuhara damu, na hapakuwa na duka lililouza nguo nyeupe. Bi Amida alileta nusu iliyobaki, yenye tundu la risasi. Wakifunika kichwa, miguu yaonekana. Wakifunika miguu, kichwa chaonekana. Yassine, yule aliyekuwa amekataza, ndiye aliyekumbuka shahidi mmoja wa vita vya Uhudi, zama za Mtume, aliyezikwa katika hali hiyo hiyo. Wakafunika kichwa, na Kabwe akaenda mto Kafubu kukata majani ya kufunika miguu.

Husemwa kwamba kaburi lake huota majani mabichi hata mwezi wa Agosti, ardhi yote ikiwa imekauka. Wako wasemao ni bomba lililopasuka. Bomba lipo kweli, na limepasuka. Lakini hakuna aliyeeleza kwa nini majani huota upande wa miguu tu.

Chadia alipokua aliweka msikitini sanduku la nguo nyeupe kwa kila asiye na ya kuzikiwa. Mwaka 1992 watu walifukuzwa tena kwa asili zao, na Kabwe, sasa mzee, akafia katika kituo cha reli akingoja gari la moshi. Binti yake, Josée, alikuja kuomba nguo. Mlinzi wa sanduku alisita, kwa kuwa marehemu alikuwa Mkristo. Chadia hakupandisha sauti. “Iliandikwa fasi gani?” akauliza. Mlinzi akatoa ufunguo.

Mwenye kutaka kumfuata Wakili na aulize kama alivyouliza yeye, kisha atoe kilicho ndani ya mkoba wake. Ewe Mola, wahurumie waliotangulia, utusitiri sisi tuliobaki na wana wetu. Usitujaalie kumwandika jirani katika orodha, na siku yetu ikifika, usitukoseshe wa kutukatia majani. Amina.