Nimefukuzwa Kazini na Kutengwa Kanisani kwa Funda Moja la Mvinyo

Mhariri, tafadhali usiandike jina langu wala la kijiji changu. Wasomaji wa ukurasa huu ni wengi, na kati yao wako wanaonijua.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa upande wa Gesima, nina mke na watoto watano. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mpishi wa bwana mmoja Mzungu na memsahibu wake hapa mjini Kisii. Kanisa langu haliruhusu pombe hata tone, na tangu nibatizwe sikuwahi kuigusa. Ninaandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Kila mwaka, miezi ya jua ikianza, hao wawili huwaalika wageni kwenye kilima karibu na Kiogoro, wakachome nyama na kuila wakiwa wameketi kwenye nyasi, ingawa nyumbani wana meza nzuri na viti kumi na viwili. Wiki moja kabla ya siku hiyo huketi barazani na chupa sita au saba ili kuchagua mvinyo wa kwenda nao. Kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Bwana humimina kidogo, hutikisa bilauri, hunusa kama mtu anayetafuta panya aliyekufa, husukutua, kisha hutema. Memsahibu naye vivyo hivyo. "Huu unafaa kwa kondoo," bwana husema. "Ni mzito mno kwa jua hili," memsahibu hujibu, "tuchukue mweupe, tuupoze mtoni." Hubishana hivyo mpaka chai ya alasiri. Chupa waliyoipenda huzibwa tena, ikaenda kilimani pamoja na nyingine.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka minne. Bwana akishaenda ofisini, memsahibu alirudi kwenye kabati la chupa. Nilimwona kwa macho yangu akinywa, kisha akijazia maji ya birika. Siku aliyogundua kwamba nimemwona aliniambia, "Mpishi, wewe hapana ona kitu." Nikajibu, "Ndiyo, memsahibu." Nilimwonea huruma. Watoto wake wako shuleni ng'ambo, nyumba ilikuwa kimya, na mke wangu alipougua ni yeye aliyempeleka hospitali kwa gari lake.

Mwaka huu tulipofika kilimani niliwamiminia wageni mvinyo mwekundu kutoka chupa iliyoonjwa. Mama mmoja mgeni akaonja, akakunja uso. "Haya ni maji," akasema. "Nani amechezea chupa hii?" Wote wakageuka wakanitazama mimi niliyeshika chupa. Memsahibu akatazama nyama.

Wasomaji wa kwetu mnajua mtu akitazamwa hivyo na kinywaji kiko mkononi mwake maana yake ni nini. Kwetu anayewapa wageni amarwa, pombe yetu ya wimbi, huonja kwanza yeye mwenyewe mbele yao, ili asiwepo wa kusema ametia sumu. Mimi sinywi, lakini nimelelewa katika desturi hiyo. Nikafikiri wananishuku kwamba nimetia kitu. Nikachukua bilauri, nikanywa funda moja huku wote wakiona, nikasema, "Ni safi, bwana."

Bwana akasimama. "Kumbe ni wewe! Siku mingi wewe naiba mvinyo yangu, na leo nakunywa mbele ya macho yangu!" Akanipiga kofi. Nikafukuzwa pale pale, nikashuka kilima kwa miguu, aproni bado iko kiunoni. Na lile funda, wenzangu, lilikuwa maji tu yenye rangi. Hata huo mvinyo wenyewe sijui ladha yake.

Dereva wa mgeni mmoja ni mshiriki wa kanisa letu, na alikuwa ameniona. Wazee wa kanisa wakaniita. "Ulikunywa au hukunywa?" wakauliza. Nikasema nilikunywa, nikaanza kueleza. Hawakutaka maelezo. Nimetengwa na ushirika, nami sasa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango kama mgeni.

Juzi asubuhi memsahibu alikuja kwa gari mpaka mwisho wa njia ya kwetu. Alileta karatasi iliyopigwa chapa na bwana. Inasema kwamba mimi nilikuwa nikinywa mvinyo wake kwa siri miaka mingi, na naomba msamaha. Nikitia sahihi, nitarudishwa kazini. Nikikataa, sipati barua ya kunisifu, na hapa mjini hakuna anayemwajiri mpishi asiye na barua.

"Mimi naomba bwana sana kwa ajili yako," akaniambia.

"Lakini memsahibu unajua ni nani," nikasema.

Aliinama dirishani kunipa kalamu, na pumzi yake ilinuka mvinyo.

Nilimwambia angoje mpaka mwisho wa mwezi. Mke wangu ameisoma ile karatasi mara mbili. "Baba watoto," akasema, "ukiandika jina lako hapo, kanisa litasema miaka hii yote nimelala na mlevi mwongo. Mimi nitarudi kwetu. Nenda umwambie bwana ni mke wake." Nani atanisadiki? Na bwana akinisadiki, mkono wake naujua, na nyumba ile haina mtu mwingine wa kumtetea memsahibu. Namchukia, na bado siwezi kumtakia hilo.

Watoto wangu wawili wamekwisha kurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Karatasi iko hapa mezani pamoja na kalamu yake. Mngekuwa ninyi, mngeandika jina la nani?