Mwaka Ambao Mama Alijifunza Kutofinya

Kuna harufu moja ikinipata hata leo lazima nisimame: harufu ya shuka nyeupe iliyotoka kupigwa pasi, bado ina joto, imenyunyiziwa maji kidogo ili mikunjo ilegee. Wengine huwakumbusha hoteli, wengine hospitali. Mimi hunirudisha mtaa wa Woodley, Nairobi, kwenye vyumba viwili tulivyopanga nyuma ya nyumba kubwa ya kaunsil ya jiji, nikiwa msichana wa miaka tisa niliyelazwa kitandani saa tisa mchana na nguo zangu zote, nikikatazwa kucheka.

Mama alikuwa akiosha watu nywele katika saluni moja ya Hurlingham. Wateja wengi walitoka Lavington, mtaa wa matajiri, wakiletwa na magari ambayo madereva wake walibaki nje wakisomeana gazeti moja. Mwenye saluni, tuliyemwita Madam, aligundua kwamba wanawake wale hawakufuata nywele peke yake. Wakishaegemeza kichwa kwenye sinki na mama akaanza kuwaosha, walifunga macho, na kuwainua ilikuwa kazi. Basi Madam akasafisha stoo ya nyuma, akaingiza kitanda chembamba, kisha akampeleka mama kusomea masaji mjini kila Jumamosi asubuhi, ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imechoka zamani.

Haikuwa ile ya kukandwa mpaka mifupa ilie. Hii ilikuwa ya pole, ya mtu kuvaa nguo zake, alale tu, awekewe mikono kichwani, mabegani, miguuni, kama vile mikono imesahauliwa hapo. Mwalimu wao, Bi Rhoda, aliwafundisha kwa maneno ambayo mama aliyarudia nyumbani akitikisa kichwa: "Mshike mtu kama unavyoshika nyanya sokoni, na mwenye nyanya anakuangalia."

Nyinyi hamkumjua mama yangu, kwa hivyo hamwezi kujua jambo hilo lilikuwa gumu kiasi gani. Mama alinichana nywele kama mtu anayeng'oa magugu. Alinisugua shingo kwa brashi ya viatu, naapa. Kukumbatia hakukujua. Kwetu Maragoli, alipenda kusema, mtoto anapendwa kwa uji. Na uji tulikunywa, mzito, kila asubuhi, bila kukosa.

Mwaka uliotangulia baba alikuwa amefariki, kwa ugonjwa wa siku nne tu. Tulimzika nyumbani Maragoli, tukarudi Nairobi Jumapili, na Jumatatu mama akaenda kazini. Tangu siku hiyo jina la baba halikutajwa tena kwetu. Si kwamba tulikatazwa. Tulilipita tu, kama watu wanavyopita shimo barabarani wanalolijua. Mimi nikaacha kulala vizuri. Darasani nilisinzia mpaka mwalimu akanihamishia dawati la mbele. Mama sikumwambia, na nilidhani hajui.

Sasa, ili afanye mtihani, mama alihitaji mwili wa kufanyia mazoezi. Mwili ukawa mimi.

Siku ya kwanza alipiga pasi shuka, akatandika, akaweka daftari lake juu ya kiti, akanilaza chali. Akanigusa nyayo.

"Mama, unanitekenya!"

"Nyamaza. Mgonjwa haongei."

"Mimi si mgonjwa."

"Basi mteja. Mteja pia haongei."

Nilicheka mpaka machozi. Alifungua daftari, akasoma midomo ikicheza, akahamia kichwani. Akapitisha viganja vyake chini ya kisogo changu, akatulia. Nilisubiri anivute. Hakuvuta. Nilisikia redio ya jirani, kuku wakiparua nyuma ya choo, na vidole vyake, vigumu kwa dawa za saluni, vikikaa tu pale chini ya nywele zangu. Kisha sikusikia kitu. Nilipofungua macho, mwanga dirishani ulikuwa umegeuka wa jioni, na mama alikuwa bado ameketi vile vile, mikono imekufa ganzi chini ya kichwa changu.

"Nimepita?" aliniuliza.

 Nilimwambia arudie kesho.

Mdomo ni jumba la maneno, na jumba kubwa kuliko yote pale kwetu lilikuwa la Mama Kimani, jirani yetu, aliyeongoza kikundi cha akina mama kanisani. Miaka hiyo jina masaji halikuwa na marafiki wazuri mjini, kila mtu alijua vibao fulani kwenye ngazi fulani, na kwamba kilichouzwa huko juu hakikuwa masaji. Siku moja akaita kupitia ua:

"Mama Ayuma, nasikia siku hizi kazi ni kushikashika watu?"

Mama alikuwa akianika nguo. Alibana nguo ya mwisho, akaingia ndani.

Kikundi kilikuwa kikutane kwetu Alhamisi hiyo. Mama aliomba ruhusa kazini, akachemsha chai ya watu kumi na wawili, akakaanga mandazi, akavaa kitambaa chake cha ibada. Tuliketi. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja. Hakuja hata mmoja. Mama alifunika sufuria, akavua kitambaa, akakikunja mara nne.

"Jumamosi siendi mjini," akasema. "Madam atafute mwingine."

Sijui nilitoa wapi yale maneno. Nilisimama katikati ya chumba, andazi mkononi, nikapiga kelele: "Na mimi sasa nitalala aje?"

Aliniangalia, akaweka kitambaa kitini.  Kisha akatoka, nikamfuata mpaka kwenye mlango wa Mama Kimani, nikamsikia akisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza bei ya vitunguu:

"Mama Kimani, kuja Jumapili uone mwenyewe. Ukiona dhambi, utoke."

Alikuja baada ya ibada, na kofia yake na Biblia yake, akadai nikae chumbani niwe shahidi. Alipanda kitandani kwangu, juu ya shuka yangu, na soksi. Mama akamwekea mikono mabegani.

"Sasa, hii ni nini? Si uongeze nguvu kidogo? Kwani hujala?"

"Pumua tu, Mama Kimani."

Alipumua, akalalamika, akapumua. Mama alipofika kichwani akatulia na kungoja, jinsi alivyoningoja mimi. Nikaona chozi likitoka kwenye jicho la Mama Kimani, likateremka polepole mpaka ndani ya sikio.

"Baba Kimani aliachishwa kazi," akasema akiwa amefumba macho. "Tangu mwezi wa pili. Kila asubuhi anavaa tai anaenda kukaa Uhuru Park. Sijaambia mtu."

"Usiseme kitu," mama akamwambia. "Lala."

Akalala. Alikoroma mpaka dirisha likajibu. Mimi nami, Mungu anisamehe, sikumhurumia hata kidogo. Nilikaa kwenye kiti changu cha shahidi nikiona wivu, kwa sababu kichwa kilichokuwa juu ya mikono ya mama hakikuwa changu.

Alipoamka alishika kofia yake kwa haraka. "Nimekoroma?"

"Hapana," mama akajibu. Ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema.

Alhamisi iliyofuata akina mama walikuja wote, na baada ya sala wakabaki, kila mmoja akikumbuka mahali panapomuuma. Mama akaendelea na masomo. Na mimi nikaendelea kuwa mwili. "Ayuma, njoo, mtihani unakaribia," aliita, mara mbili, tatu kwa wiki, mpaka nikafunga darasa la nne mwezi wa Novemba. Nilimwonea huruma kwa mtihani mgumu hivyo. Usingizi wangu ulikuwa umerudi bila mimi kutambua siku ulipoingia.

Mwaka jana nilimtembelea Maragoli, alikostaafia. Tulikuwa tukichambua mboga, nikamuuliza kwa mzaha: "Mama, ule mtihani wako wa masaji ulikuwa wa miezi mingapi?"

"Mtihani? Nilifanya kabla hamjafunga shule Aprili. Nikawa wa pili."

Nikaacha mboga. "Na yale mazoezi ya mpaka Novemba?"

Hakuinua macho. "Sasa ningekuambia nini? Kuja nikushike?"

Tumelicheka jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Lakini nikiwa peke yangu sicheki sana. Naona kwamba katika nyumba ile tulikuwa wafiwa wawili, na mmoja wetu alitafuta njia ya kumfikia mwenzake, akaipata ndani ya daftari la kazi. Nilidhani nilikuwa namsaidia kusoma. Alijua tangu mwanzo kwamba silali. Mama gani hajui? Ila kuna jambo ambalo sikuliona wakati ule, na kuliona sasa hakumsaidii. Jioni zote zile nilizolala viganjani mwake, yeye alikuwa macho, mjane wa miaka thelathini na mbili, na hapakuwa na mtu wa kumwambia yeye alale.