Mchezo wa Meja

Harufu ya rangi ya viatu bado hunifanya ninyooshe mgongo. Juzi nilikaa kwenye treni kando ya kijana aliyekuwa akienda kwenye usaili, viatu vyake vimepigwa rangi nyeusi mpaka vinang'aa, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeweka mikono magotini na kutazama mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mimi ni mtu wa maswali. Chuo kikuu kilinifundisha kutoamini hata kile ninachokikumbuka mwenyewe. Lakini mgongo wangu haukwenda chuo kikuu.

Harufu hiyo ni ya nyumba ya Meja. Wakati ule tuliishi Croydon, Uingereza, nami nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba alifanya kazi kwenye ghala huko Hayes na kurudi usiku, na mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwalisha. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniangalia baada ya shule, mama alinichukua kwa mzee wake wa mwisho wa siku, ambaye mpwa wake alikuwa amekubali nije mradi nisiguse vitu. Huyo ndiye Meja.

Alikuwa mzee mrefu aliyekunjwa kitini karibu na dirisha. Kila siku ilibidi viatu vyake vipigwe rangi, ingawa havikuwa na safari. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuchanika. Hakujua amekula nini mchana, lakini ya zamani aliyasimulia kana kwamba yanatokea jikoni. Alifika kaskazini mwa Kenya akiwa luteni kijana, akilinda mpaka ambao, alisema, hata ngamia hawakuuamini. Alikaa kwenye ngome ya mawe, akilala juu ya paa kwa ajili ya joto. Mkewe alikuja, akavumilia kiangazi kimoja, akarudi Uingereza na mapazia yake. Baadaye Meja alivua magwanda akafanywa afisa wa serikali juu ya wafugaji wale wale aliokuwa akiwafukuza. Yeye ndiye aliyeamua nani anyweshe kisima kipi, nani avuke, nani arudi nyuma ya mstari. Aliwaita "watu wangu" kwa mapenzi kabisa, jinsi mtu anavyosema mbwa wangu. Hilo la mbwa nimeliongeza leo. Wakati ule niliona mapenzi tu.

Mama ni Mborana wa Isiolo, wa wafugaji wa huko huko kaskazini. Meja aliposikia hivyo alifurahi sana, akaanza kumwita yaya, na mama akamwambia kwa upole kwamba yaya ni wa watoto. Mimi alinisemesha Kiswahili cha kambini, kile cha kuamrisha. Nyumbani mama aliponisemesha Kiswahili nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu. Kwa Meja nilijibu kwa Kiswahili, maana ndivyo mchezo ulivyotaka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Vipande vya dhumna vilikuwa ngamia. Vitabu viwili vilivyosimamishwa mezani vilikuwa lango la miiba. Mimi nilichuchumaa, mikono magotini, na Meja aliketi na fimbo yake nyembamba. "Ngamia ngapi?" aliuliza. Nilitaja idadi, kisha nikawapitisha langoni mmoja mmoja. Nikiwa nimekosea, aligusa dhumna kwa ncha ya fimbo na kusema, "Hii ya serikali," na dhumna hiyo ikahamia upande wake. Nikinyamaza, adhabu ilikuwa kubwa zaidi. "Wewe nakwenda na askari," alisema, nami nilikwenda kusimama nyuma ya pazia mpaka aniite.

Kwa kawaida aliniita. Lakini siku nyingine alisinzia, au akili yake ilihama, nami nikabaki pale kati ya kitambaa kizito na kioo baridi, giza la saa kumi la majira ya baridi likipanda kutoka bustanini. Nilisikia mama akiosha vyombo. Ningeweza kutoka. Hakuna aliyenifunga. Sikutoka, na hadi leo sijapata maelezo yanayoniridhisha.

Mwaka huo bibi, mama yake mama, alikuja kututembelea kutoka Isiolo. Alileta maziwa ya ngamia yaliyokaushwa na masharti mengi. Sharti kubwa lilikuwa kwamba vitu vyenye uhai havihesabiwi. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi, alisema, "Wapo, Mungu akipenda." Mama aliponiambia nihesabu watu wa chakula nilete sahani, bibi alinishika mkono. "Kinachohesabiwa husikika," alisema, "na kinachosikika hufuatwa." Niliona ni ushirikina, na nilikuwa na kiburi kidogo kwa kuona hivyo.

Siku moja alinikuta sebuleni nikicheza peke yangu. Vibanio vya nguo vilikuwa ngamia na viatu vya baba vilikuwa lango. Nilikuwa Meja. Nilikuwa na mwiko wa ugali mkononi na nilikuwa nikivigusa vibanio kimoja kimoja, nikisema kwa sauti nzito, "Hii ya serikali. Hii ya serikali."

Bibi hakunikemea. Alikaa chini palepale, polepole, akachuchumaa, akaweka mikono yake magotini. Nilidhani anataka kucheza, nikafurahi. Kisha nikaona kwamba hanitazami mimi, anatazama mwiko.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

Jioni ile alizungumza na mama, nami nikasikiliza kutoka ngazini. Bibi alikuwa msichana mdogo askari walipozingira malisho yao. Kulikuwa na lango la miiba, na kijana wa Kizungu kwenye kiti cha turubai mwenye fimbo nyembamba. Alimwuliza baba yake bibi ana ngamia wangapi. Baba yake alijibu kama mtu yeyote mwenye adabu angejibu: Mungu ndiye ajuaye. Mzungu aliuliza tena, akapata jibu lilelile, akasema mtu huyu anaficha mali. Ngamia wakapitishwa langoni, na walioguswa na fimbo hawakurudi. Baba yake akaondoka na askari. Familia ilingoja. Mtu aliyechukuliwa hawezi kuombewa kama maiti, kwa sababu anaweza kutokea siku yoyote akiwa na kiu. Mama yake bibi alikufa akiwa bado anabakisha maziwa kwenye kibuyu kila jioni.

"Nataka tu anieleze walimweka wapi," bibi alisema. "Nirudi na mahali."

Mama alikataa. Alisema maafisa walikuwa wengi na fimbo zilikuwa nyingi. Alisema mzee ni mgonjwa, na yeye anaweza kupoteza kazi. Yote hayo yalikuwa kweli, na mimi wa leo ningesema vilevile: ushahidi wa bibi ulikuwa mchezo wa mtoto na mwiko. Mahakama isingepoteza nao hata dakika tano. Lakini bibi alikuwa akirudi Isiolo wiki iliyofuata, na kila siku Meja alikuwa akisahau kitu kingine. Siku ile alikuwa amesahau jina la mpwa wake.

Siku iliyofuata mama alikubali, tukaenda kwa Meja watatu. Ndani, taa zilikuwa hazijawashwa, na mvua nyembamba ilikuwa ikikwaruza dirisha. Meja alimtazama bibi akiingia na mtandio wake, na uso wake ukabadilika. Hakuuliza ni nani. Alinyoosha mkono akitafuta fimbo, nami nikampa, kama nilivyozoea.

Bibi alichuchumaa mbele yake. Mama alipiga hatua moja, akasimama.

"Ngamia ngapi?" Meja aliuliza.

Mvua iliendelea. Nilijua bibi hatajibu, na nilianza kulitazama pazia kwa hofu kwa niaba yake.

"Arobaini na saba," bibi alisema. "Na ndama wawili waliozaliwa njiani."

Sikuwa nimewahi kumsikia akitaja idadi ya chochote kilicho hai. Meja aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mwalimu aliyepata jibu baada ya kusubiri sana. "Kweli," alisema. "Sasa wewe nasema kweli."

"Nimekupa hesabu," bibi alisema. "Nipe baba yangu."

Meja aligeuka kuelekea pazia. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameaibika, kama mtu aliyeacha maji yakichemka akatoka nyumbani.

"Yule?" alisema. "Yule bado? Mimi nasahau yeye." Akaninyooshea fimbo. "Nenda. Ita yeye toka."

Nilikwenda, kwa sababu nilikuwa mtoto mtiifu wa mchezo ule. Nilivuta pazia. Nyuma yake kulikuwa na kioo, na kwenye kioo sisi wote: bibi sakafuni, mama amesimama, mzee na fimbo yake. Nilishindwa kujua niite jina gani. Sikuwa nimewahi kuambiwa jina la babu wa mama.

Bibi aliinuka akishika ukingo wa meza. Njiani kurudi alimwambia mama kwamba mfungwa aliyesahauliwa hatoki hai, amtafutie msikiti, na Ijumaa hiyo baba yake aliswaliwa sala ya maiti aliye mbali, miaka mingi baada ya kuondoka langoni. Kisha bibi akarudi Isiolo bila mahali.

Nimejadiliana na siku hiyo mara nyingi. Huenda Meja alikuwa akinisema mimi, niliyezoea kusimama nyuma ya pazia. Huenda hakuwahi kumwona mtu wa ukoo wetu. Ninayakubali yote mawili, na hayanisaidii kitu.

Kisichonitoka ni kwamba mama aliendelea kwenda. Nilidhani angeacha. Badala yake aliomba zamu zaidi. Meja alipodhoofika alimlisha kwa kijiko kidogo, akiinama karibu na sikio lake, akimnong'oneza bila kuchoka, na mpwa wake alituambia mlangoni kwamba hajawahi kuona huruma ya namna ile. Daktari alishangaa mzee anavyodumu. Mimi niliona aibu kidogo kwa wema wa mama. Niliuona ni udhaifu.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo nilipomwuliza alikuwa akimnong'oneza nini. Alikuwa akikunja nguo, na hakuacha.

"Nilikuwa nikimwuliza wapi," alisema. "Kila kijiko. Angekufa, ningemwuliza nani?"