Makumbi ya Fadhila

Mtaa mzima wa Kisarawe aliokaa Fadhila ulikuwa mteremko, na kila asubuhi wenyeji wake waliufagia mpaka udongo ukabaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Fadhila, mpishi wa shule ya msingi, aliwadharau wote. Uwanja wake yeye aliukatiza kwa matuta matatu ya kuzuia maji. Nyuma ya kila tuta alichimba kibonde, akapanda michungwa miwili na mndimu, kisha akafunika ardhi kwa makumbi ya nazi na majani makavu ili jua lisinyonye unyevu. Maji ya kuogea aliyaelekeza kwenye migomba.

Jirani wa chini, Castory, karani aliyekwenda kazini Dar kila siku, alipanda ukoka na kuunywesha maji ya boza.

"Mwanamume na akili zake," Fadhila alikuwa akisema, "ananunulia maji majani ambayo hata mbuzi haruhusiwi kuyala!"

Mwaka huo kiangazi kilirefuka. Majani ya michungwa yakajikunja. Maji ya kuogea hayakutosha kuifikia, na bomba lilikuwa kavu wiki ya pili. Lilibaki tumaini moja tu: mvua ya kwanza ya vuli. Ikijaza vibonde, miti ingepona. Ikipita bure, ingekuwa kuni.

Siku ya posa ya binti yake, Mboni, Fadhila alikwenda sokoni asubuhi kununua kuku. Aliporudi alikuta moshi. Wifi yake Biubwa, dada wa marehemu mumewe, aliyefika jana yake kutoka Kibuta, alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na fagio mkononi. Makumbi yote yalikuwa yanateketea. Matuta yalikuwa yamesawazishwa, vibonde vimefukiwa.

"Nimekusitiri, wifi," alisema Biubwa akihema. "Washenga wangesema binti wanamtoa jalalani."

"Biubwa, hilo jalala nimelijenga miaka mitatu!"

"Miaka mitatu bila kufagia, na unajisifu? Mama yetu angekuwa hai angekufa tena."

Fadhila alimtazama kama anavyotazama wali ulioungua. Kuchimba vibonde upya kulitaka muda, na wageni walikuwa wameshabisha hodi.

Washenga wanne walikaa barazani. Mkubwa wao aliusifu uwanja: unang'aa, ndiyo dalili ya mama mwenye adabu. Biubwa akajikohoza kwa fahari. Fadhila aliona wazi kwamba hata mkwe mtarajiwa alikuwa ametoka kwenye ukoo wa wapumbavu.

Ndipo mvua ikashuka.

Maji hayakusimama popote. Yalikimbia juu ya udongo uliofagiwa, yakachukua viatu vya washenga kutoka ngazini, yakatoka getini mekundu na kwenda kuunywesha ukoka wa Castory.

Fadhila alisimama. Akiwa na gauni lake la shughuli, alichukua jembe, akashuka mvuani na kuanza kuchimba chini ya mchungwa wa kwanza.

"Wifi! Unatuaibisha mbele za watu!"

"Aibu yenu imeshatelemka na viatu vyao. Kaifuateni getini!"

Mboni alivua mtandio, akachukua koleo, akamfuata mama yake. Mshenga mkubwa alibaki barazani na soksi zake.

Kibonde cha kwanza kilianza kujaa. Fadhila hakumtazama mtu yeyote. Alikwenda kwenye cha pili.