Damu ya Griffin

Chengo wa Taru alikuwa hodari wa kuchinja mbuzi, kuua nyoka, na kusimama mbele ya majiko ya hoteli kule Galu tangu alfajiri hadi alasiri. Kitu kimoja tu kilimshinda: sindano. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, akiiona tu anatafuta mlango. Usimcheke, kila mtu ana chake.

Ndiyo maana miaka minne nyuma, alipotakiwa apimwe ili aajiriwe jikoni, alimbembeleza rafiki yake Griffin akatolewe damu kwa jina lake. Griffin akaenda, akarudi na cheti huku akicheka. Juu jina la Chengo, chini kundi la damu: O hasi. Chengo akakitia katika pochi, yakaisha.

Yangeishia wapi! Sasa alikuwa amekaa kliniki Ukunda na mkewe Kadzo, mimba ya miezi saba. Binti yao Subira, wa miaka mitatu, walikuwa wamemwacha kwa jirani. Sista Concepta, muuguzi mwenye miwani na maneno makavu, akasoma majibu ya Kadzo.

"Mama, damu yako ni hasi. Baba naye?"

Chengo hakufikiri mara mbili. Akatoa cheti chake mbio, maana mwenye cheti hachomwi.

"Nyote hasi? Basi afadhali, mmeniondolea kazi," sista akasema, akashika kalamu.

"Na angelikuwa chanya?" Kadzo akauliza.

"Hapo ingekuwa shughuli, mama. Mtoto angeweza kurithi chanya ya babake. Damu yake ikiingia katika yako, hasa wakati wa kuzaa, mwili wako unaiona ngeni, unatengeneza askari wa kuipiga vita. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huponea. Wa pili ndiye huvamiwa, damu yake ikavunjwa, akavimba, pengine akafia humo humo tumboni. Kuna sindano ya kuwazuia askari hao. Lakini wakishatokea, sindano haifui dafu."

Wa pili! Chengo akapiga hesabu. Subira alizaliwa nyumbani kwa bibi yake, bila sindano yoyote. Akisema, hoteli wakipata habari, kazi imekwenda. Asiposema, je? Loo, jinsi alivyoogopa! Na kalamu ya sista ilikuwa inaandika.

"Baba Subira, hebu sikia mwanao anavyocheza," Kadzo akamwambia, akauchukua mkono wake akauweka tumboni. Mtoto akapiga teke.

"Sista," Chengo akasema, sauti kama ya mgonjwa. "Damu hiyo si yangu."

Akaeleza yote. Sista akavua miwani. "Baba mzima! Uzike mtoto kwa kuogopa kuchomwa kidole?"

Kidole kikachomwa. O chanya. Kadzo akatolewa damu nyingine, iangaliwe kama askari wamekwisha kutokea, wakaambiwa warudi Alhamisi.

Siku tatu Kadzo hakumsemesha. Mtoto akitulia kidogo tu, alikuwa akijishika tumbo na kuganda pale pale, na Chengo akiganda naye. Jikoni alikata vitunguu akalia kuliko vitunguu vyenyewe vilivyotaka. Njia ya mwongo fupi, lakini ile ya kungoja majibu haikuwa na mwisho.

Alhamisi sista akafungua karatasi taratibu. "Askari hawapo. Mungu kawaona."

Akamchoma Kadzo sindano, akawaonya kuwa akijifungua mtoto wa chanya, atachomwa nyingine kabla siku tatu hazijaisha. Chengo alitazama sindano ikiingia mpaka mwisho. Hakufumba macho.

Walipotoka nje, Kadzo akasimama.

"Baba Subira, mtoto asingelipiga teke saa ile, ungelisema?"

Chengo akafungua kinywa aape kwamba angelisema. Akaogopa kuapa.